Kwa mwendo wa maji: matembezi ya taratibu Lindi, kutoka mdomo wa Lukuledi hadi vichakani Kitunda

Wengi wanaotaka kutembea ili kutuliza akili huanza kwa kupanga saa: nitoke saa kumi na mbili, nitembee dakika arobaini, nirudi nioge, niwahi kazini. Kwenye barabara ya lami mpango huo unafaa. Lindi, pale mto Lukuledi unapokutana na bahari, haufai, kwa sababu njia uliyopita mchanga ukiwa mkavu, masaa manne baadaye inaweza kuwa na maji ya kifua. Hapa mwendo haupangi wewe, unapangwa na maji. Kazi yako ni kuyafuata yanapoondoka na kuyapisha yanaporudi, na mtu akishalikubali hilo huwa hana tena sababu ya kuangalia simu kila dakika.

Haya ni matembezi ya nusu siku. Unavuka kutoka mjini hadi Kitunda, ng'ambo ya maji, unatembea ufukweni maji yakipwa, unasimama pembeni mwa mikoko, kisha unapanda kilimani penye mikorosho na miti ya porini kabla maji hayajajaa. Umbali wenyewe si wa kujivunia. Aliyezoea kukimbia atauona mdogo, na ndivyo ilivyokusudiwa.

Hatua ya kwanza: angalia mwezi, halafu saa

Maji ya pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni masaa sita na dakika chache, na kila siku mzunguko huchelewa kwa wastani wa dakika hamsini hivi. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu maji huwa ya bamvua, yanajaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, yanasogea kidogo tu. Hayo kila mtoto wa pwani anayajua. Jambo ambalo wageni hawalijui, na watu wengi wa mjini wamelisahau, ni kwamba hata saa zenyewe hazibadiliki ovyo. Kwenye pwani yetu siku za bamvua maji humaliza kupwa asubuhi, saa nne au saa tano hivi, na hujaa usiku wa manane kuelekea alfajiri, kisha tena alasiri. Siku za maji mafu ni kinyume: saa nne hiyo hiyo ya asubuhi utayakuta yamejaa, na ufukwe wa kutembea haupo.

Kwa matembezi haya chagua siku ya kumi na mbili au kumi na tatu tangu mwezi uandame, au ukikosa, ya ishirini na saba au ishirini na nane, yaani siku mbili tatu kabla ya bamvua kukolea. Maji yatamaliza kupwa kwenye saa tatu hivi za asubuhi. Jua halijawa kali, ufukwe umefunguka vya kutosha, na mkondo haujapata nguvu zake zote. Jua linapoanza kuchoma, maji nayo yanarudi, na vyote viwili vinakusukuma kwenda kivulini kilimani. Sijui mpango mwingine wa matembezi ambao bahari na jua vinakubaliana namna hiyo.

Usitegemee hesabu yangu peke yake. Jioni ya kuamkia siku yenyewe, nenda pale mashua zinapofungwa, utafute mzee mmoja: "Shikamoo babu. Kesho maji yanapwa saa ngapi?" Atakujibu bila kutazama chochote. Majedwali ya maji yapo kwenye intaneti na ni mazuri, ila jedwali halijui upepo, na upepo mkali wa kutoka baharini unaweza kuyazuia maji yasiondoke kama ilivyoandikwa. Mzee anaujua upepo.

Jambo la mwisho kuhusu maji, nalo ndilo linalowaponza watu: hayarudi kwa mwendo mmoja. Chukua yale masaa sita ya kujaa na ugawe kimo chote cha maji katika sehemu kumi na mbili. Saa ya kwanza hupanda sehemu moja tu, ya pili mbili, ya tatu tatu, ya nne tatu, ya tano mbili, ya sita moja. Maana yake ni kwamba mwanzoni utaona kana kwamba hayana haja na wewe. Lakini siku ambayo maji yanapanda mita 3 kwa jumla, saa ya tatu peke yake yatapanda sentimita 75. Kwenye ufukwe ulio bapa, hiyo ni nchi nzima inayofunikwa ukiwa bado unapiga picha.

Kuhusu majira: huku kusini hatuna vuli na masika za kutenganisha sana, mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kwenda hadi Aprili au Mei mwanzoni. Wakati huo Lukuledi hushusha tope la kahawia na njia za kilimani huteleza. Juni hadi Oktoba ndio wakati wake.

Hatua ya pili: vaa cha kupotea

Kandambili ziache nyumbani. Tope la mikoko litaivua moja na kuibakiza, na utarudi unachechemea. Yeboyebo zenye mkanda wa nyuma ni nzuri, raba kuukuu za kufunga kamba ni nzuri zaidi. Usiende pekupeku, kwa sababu chaza wanaoshika kwenye mizizi na mawe wana makali ya wembe. Beba kofia, maji ya kunywa lita moja na nusu kwa kila mtu, na kanga au kikoi. Kanga ni kitambaa cha kukalia, cha kufutia jasho, cha kujifunika jua, na ni heshima ukipita kijijini. Simu iwekwe ndani ya mfuko usiopitisha maji, na ikiwezekana ikae humo.

Hatua ya tatu: aga, na ujiandae kuulizwa

Miongozo ya matembezi ya utulivu inayoandikwa nchi za mbali humwambia mtu aende peke yake, asiseme na mtu. Huko Japani, ambako mwaka 1982 idara ya serikali ya misitu ilianza kuwahimiza watu wakakae msituni kwa ajili ya afya, huenda mtu akapita kimya na asishangaze. Kwetu mtu anayepita kimya ni mtu wa kutiliwa shaka. Hana jembe, hana ndoo, hana nyavu, anasimama kwenye mikoko akitazama tope: huyo anatafuta nini? Anapima viwanja? Anatafuta madini?

Kwa hiyo salimia kila mtu, na usalimie salamu nzima. Mkubwa mpe shikamoo, rika lako mwulize habari za asubuhi na za nyumbani, na ukiulizwa uendako sema kweli: "Natembea tu, napumzisha kichwa." Watacheka, kisha watakuonyesha njia. Ukifika Kitunda, mtafute mwenyekiti au mtu wa ofisi ya eneo umweleze mapema, hasa kama mko kundi. Nami nasema wazi kwamba salamu haziharibu utulivu. Anayeona kila salamu ni usumbufu atapata taabu kutulia popote kwenye pwani hii.

Nenda na mwenzako. Wanawake wawili watatu wakiwa pamoja hutembea kwa raha zaidi kuliko mmoja anayegeuka nyuma kila hatua. Na nyumbani uache neno: nimevuka Kitunda, nitarudi alasiri.

Hatua ya nne: vuka

Panda pantoni au mashua. Fika mapema, saa kumi na mbili na nusu au saa moja, na kabla ya kuingia uliza chombo cha mwisho cha kurudi ni saa ngapi siku hiyo. Uliza tena ukishuka upande wa pili. Ijumaa mchana usishangae mambo yakisimama kwa ajili ya swala.

Ukiwa katikati ya maji, geuka utazame mji. Bandari hiyo ndogo ndiyo iliyopokea mifupa ya dinosaria wa kilima cha Tendaguru, iliyochimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913. Haikuja kwa gari. Ililetwa na wapagazi, mzigo kichwani, siku kadhaa za mwendo kutoka porini hadi hapa, na leo mifupa hiyo imesimamishwa makumbusho ya Berlin. Kabla ya hapo njia za kutoka Nyasa zilikuwa zimeshusha misafara ya watumwa kwenye pwani hii hii. Nalisema hilo kwa sababu kutembea bila mzigo na bila kulazimishwa ni jambo ambalo wengi waliopita hapa hawakulipata, na ni vizuri kulijua kabla hujaanza kuhesabu pumzi zako.

Hatua ya tano: ufukweni, maji yakiondoka

Ukishuka Kitunda, mkono wa kushoto unakwenda kwenye bahari wazi, mkono wa kulia unaingia ndani kufuata mto. Shika kulia. Tembea juu ya mchanga mgumu ulioachwa na maji muda si mrefu, usikanyage pale panapong'aa na kutetemeka.

Dakika kumi za mwanzo usijaribu kutulia. Kichwa kitakuwa bado mjini: deni, kazi, ujumbe ambao hujaujibu. Viache vije. Wewe punguza hatua tu, mpaka ufikie mwendo wa kina mama wanaookota tondo (konokono wa pwani), ambao hutazama chini, husogea hatua mbili, huinama. Huo ndio mwendo. Ukishaupata, sikiliza miguu: mchanga mkavu una sauti, mchanga mbichi una nyingine, tope lina yake. Kisha hesabu pumzi na hatua, hatua tatu ukivuta, nne ukitoa. Hesabu ikikupotea usiitafute, anza upya au uiache.

Ndege wataonekana wenyewe. Yangeyange weupe huzunguka kwenye vidimbwi, mdiria hukaa kwenye tawi lililoinamia maji. Kuanzia Septemba hadi Aprili hivi kuna pia ndege wahamiaji wanaotoka Ulaya na Asia kuja kula kwenye matope yetu. Ukiwaona wamekusanyika, wapitie mbali. Wakiruka wanapoteza chakula cha safari, na wewe hupati cha kutazama.

Hatua ya sita: simama kwa kaa

Hapa ndipo penye matembezi yenyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ukifika ukingo wa mikoko, usiingie ndani. Tafuta mahali pagumu, gogo au mchanga uliochanganyika na makombe, usimame au utandike kanga ukae. Mbele yako kutakuwa na tope lenye matundu mengi na halina kitu kingine. Ukifika tu, kaa wote wameshaingia shimoni. Wale wadogo, ambao dume ana gando moja kubwa lisilolingana na mwili wake, wanaogopa kitu kinachosogea. Hawaogopi kitu kilichotulia.

Basi tulia. Usisogeze mkono, usigeuze shingo ghafla. Dakika moja, hakuna kitu. Dakika mbili, jicho moja linachungulia kwenye tundu. Kisha mwingine, wa mbali kidogo. Usipojikuna, baada ya muda tope lote litakuwa limejaa, madume wakipunga gando kuita majike, wengine wakichota tope na kulipeleka kinywani bila kukoma. Vile visamaki vya topeni vinavyotembea kwa mapezi navyo vitatoka. Ukikohoa, wote wanapotea, na unaanza upya.

Sijaona kipimo cha utulivu kilicho bora kuliko hicho. Mtu anaweza kufumba macho nusu saa na akili yake ikawa sokoni, asijue. Kaa hawadanganyiki: mwili ukihangaika, hata kidogo, wanakwambia. Wala si lazima ufikirie jambo lolote zuri. Kazi ni moja, kaa watoke na wabaki nje.

Wakishakuzoea, inua macho polepole utazame miti. Watu huiita yote mikoko, lakini anayeishi nayo anaitofautisha kwa mizizi. Mkoko wenyewe umesimama juu ya miguu mingi iliyopinda. Mchu umezungukwa na vijiti vyembamba vilivyochomoza kwenye tope kwa mamia, na hivyo ndivyo mti unavyopata hewa, kwa kuwa tope la hapo halina hewa ya kutosha. Msinzi, ambao wengine huuita muia, mizizi yake hutokeza na kujikunja magoti. Mlilana hupenda kusimama mbele kabisa, unaotangulia baharini. Chuma jani moja la mchu ulilambe: lina chumvi, kwa sababu mti huitoa kupitia majani. Kwenye mkoko tafuta miche ya kijani inayoning'inia, mirefu hata nusu mita. Mbegu huota ikiwa bado juu ya mti, kisha huanguka, ikajikita topeni au ikachukuliwa na maji kwenda kuota kwingine.

Harufu ya tope ile, ya yai lililoharibika, si uchafu. Ni kazi ya vijidudu vinavyoozesha majani pasipo na hewa. Baada ya robo saa pua huacha kulalamika.

Usikate hata tawi la fimbo. Mikoko ya Tanzania ni msitu wa hifadhi, uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na kukata bila kibali ni kosa. Na kama unataka kupanda zaidi na mto, kule maji yanapoanza kuwa matamu, uliza kwanza wenyeji habari za mamba na viboko. Swali hilo halina aibu.

Hatua ya saba: yajue maji yanapogeuka

Huhitaji saa. Tazama mashua na ngalawa zilizotia nanga: maji yakipwa zimeelekeza omo, yaani upande wa mbele, juu ya mto, yakisimama zinalegea na kukaa hovyo, yakianza kujaa zinageuka. Tazama povu na majani makavu kwenye maji, ambayo yalikuwa yanakwenda baharini na sasa yanarudi ndani. Tazama kina mama. Wakianza kusuuza vyombo na kujitwika ndoo, ondoka nao. Usisubiri mpaka vijito vidogo ulivyoruka asubuhi viwe vimeunganika nyuma yako.

Hatua ya nane: panda penye miti

Fuata njia ya miguu inayopanda kutoka ufukweni. Mwanzo utapita minazi na mikorosho. Zamani upande huu kulikuwa na shamba la mkonge, na kwingineko hapa Lindi bado utaona mkonge uliojiotea vichakani. Korosho si porini: kila mti una mwenyewe. Kuanzia Oktoba, msimu wa kuokota, mtu asiyejulikana akikatiza shambani ana haki ya kuulizwa, kwa hiyo baki njiani na bibo usiliokote bila kuomba.

Ukifika penye kivuli cha kweli, badilisha namna ya kutembea. Ufukweni macho yalikuwa chini, sasa yaache yapande. Simama, usikilize sauti ya mbali kabisa unayoweza kuisikia, halafu ya karibu zaidi, halafu ya karibu kuliko zote. Mara nyingi ya mwisho ni pumzi yako, au jasho linalodondoka kwenye kofia. Ukikuta mbuyu, kaa upande wa kivuli uegemeze mgongo. Hapo ndipo pa kula ulichobeba: mihogo, ndizi, au ming'oko iliyochemshwa uliyonunua mjini, ile mizizi ya porini ambayo watu wa Lindi na Mtwara hula kwa chumvi. Ule moja moja. Ming'oko haikubali kuliwa haraka, ina nyuzi.

Sasa hatari, kwa kifupi. Ya kwanza ni upupu. Kiangazi maganda yake hukauka, na manyoya yake ya rangi ya dhahabu yanaruka kwa upepo. Ukiyaona kwenye mmea unaotambaa, zunguka mbali. Yakikupata usijikune. Papasa kwa majivu au mchanga mkavu kuyaondoa, ndipo unawe, na nguo uliyovaa ifuliwe peke yake. Ya pili ni mashimo yaliyoachwa na wachimba ming'oko, ambayo majani huyafunika. Kisha siafu, nyuki kwenye mapango ya mibuyu, na nyoka, ambaye ukitembea kwa kishindo kidogo kwenye majani makavu atakusikia na kuondoka. Usiwashe moto kabisa.

Ukikuta makaburi, au mti uliofungwa kitambaa au kuwekewa vyombo chini yake, pita kwa adabu. Usiguse, usipige picha.

Kwa wasioweza kupanda

Mzee, mjamzito, mtu wa magoti au mwenye mtoto mdogo aishie hatua ya sita, halafu arudi kijijini akapumzike chini ya mwembe. Hajakosa kitu kikubwa. Watoto wa miaka sita na kuendelea hulipenda sana zoezi la kaa, hasa ukiligeuza mashindano ya nani atawatoa wengi. Na mwenye huzuni nzito isiyomwacha kulala wala kula, atembee akipenda, lakini aende na hospitali pia. Kaa hawatibu.

Kurudi

Shuka mapema kuliko unavyodhani inahitajika. Ufukwe wa asubuhi utakuwa umefunikwa, kwa hiyo rudi kwa njia ya juu inayopita kwenye nyumba. Ukifika kwako, osha miguu kwa maji baridi na sabuni, na uichunguze vizuri kati ya vidole. Mkwaruzo wa chaza huonekana mdogo na huvimba kesho yake. Ukiwa na uchafu ndani, nenda zahanati uulize na sindano ya pepopunda. Viatu suuza kwa maji matamu uvianike kivulini.

Walioko Mtwara hawana haja ya kuja Lindi. Ghuba ya Mikindani ina mikoko na matope yake, na nyuma ya Boma la Wajerumani lililojengwa 1895 kuna kilima chenye miti cha kumalizia. Msimbati na mdomo wa Ruvuma ni pazuri zaidi ya kote, lakini ni ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000, kwa hiyo kuna kiingilio na utaratibu wa kufuata langoni. Anayetaka msitu zaidi ya maji aulize ofisi ya TFS Lindi kuhusu kibali cha msitu wa Litipo, kule Rutamba.